Barua kwa Byamungu, kuhusu miaka ya Ombeni

Kadutu, Bukavu

Rafiki yangu Byamungu,

Pokea salamu zetu. Mama Nabintu anakusalimia, na Nabintu pia. Mvua imerudi, na ngazi za udongo za mtaa wetu zinateleza kama ulivyoziacha.

Juzi uliponipigia simu uliniuliza swali, nikakujibu "tutaongea" kisha nikakata. Usidhani nilikukasirikia. Mwanangu Ombeni alikuwa ameketi chini ya meza ya kukatia, anaokota vifungo, na sauti yako kwenye simu hii yangu husikika nyumba nzima. Uliuliza, "Wanasema atafika miaka mingapi?" Ukaongeza kwamba pesa za sekondari ni nyingi, labda ingefaa niwawekee wadogo zake. Najua ulisema kwa upendo. Nimechagua kuandika kwa sababu kwa mdomo ningeshindwa kufika mwisho.

Namba yenyewe hii hapa, nisikuzungushe. Watoto wenye ugonjwa huu wa projeria, unaochakaza mwili wa mtoto mapema, wasipopata dawa yake huishi kwa wastani miaka 14 na nusu. Ombeni ana 11. Hiyo hesabu ya kutoa naijua, Byamungu. Nimeifanya usiku wakati wote wamelala, na kila mara jibu ni lilelile.

Wewe unajua mimi si mtu wa shule nyingi. Lakini niliona kabla ya waganga, na kilichonionyesha ni utepe wa kupimia. Alizaliwa kama watoto wengine, mzima, analia kwa nguvu. Alipokaribia miaka miwili nywele zikaanza kutoka, mishipa ya kichwa ikaonekana, ngozi ikakakamaa mapajani. Nilimshonea suti ya Noeli akiwa na miaka 3. Alipofika 5 ilimkaa vilevile, nikashusha upindo tu. Fundi anayemshonea mwanawe hutarajia kila Septemba kukata kitambaa kirefu zaidi. Mimi nilikuwa navuta utepe begani kwake, nasoma namba ya mwaka jana, nahisi mikono imekufa ganzi. Leo ana mita 1 na sentimita 4.

Pa kwanza tulipompeleka walitupa dawa za minyoo. Pa pili walisema ni utapiamlo, wakamgombeza mama yake mbele ya watu kana kwamba anamnyima mtoto chakula. Kuna na waliotuambia tutafute nani katika ukoo amemloga, wakataka afungiwe kwenye maombi siku saba bila kula, mtoto ambaye mwili wake hauna hata akiba ya siku mbili. Nilimchukua mgongoni tukaondoka. Hilo sijalisamehe bado. Mwishowe ni daktari mmoja kijana aliyempiga picha, akauliza wenzake wa mbali, damu ikapelekwa Marekani bila sisi kulipa, na jibu likarudi.

Sasa nikueleze nilivyoelewa, kwa maana ulikuwa umesikia kwamba ni "uzee wa ghafla". Katika kila chembe ya mwili kuna kiini, na kiini kina bitana ndani yake kama koti zuri. Bitana hiyo inatengenezwa na protini iitwayo lamini A. Mwili ukiishona hutumia uzi wa muda kwanza, kama sisi tunavyopiga bandi ili kitambaa kishike mahali pake, na ukimaliza huukata na kuutoa. Kwa Ombeni, herufi moja tu katika maelekezo ya mwili imebadilika, na kwa sababu yake kipande cha protini kimekosekana, kile chenye mahali pa kukatia. Uzi wa bandi unabaki. Bitana inajikunja, kiini kinapinda, chembe zinachakaa kabla ya wakati. Hiyo protini mbovu wanaiita projerini. Wataalamu wa Marekani na wa Ufaransa waligundua hiyo herufi mwaka 2003, ingawa daktari Hutchinson wa Uingereza alikuwa ameueleza ugonjwa tangu 1886. Na karibu kila mara kosa hilo hutokea jipya kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Nilimrudia Mama Nabintu na neno hilo mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini akaangua kilio, kwa sababu shangazi zangu walikuwa wamemlaumu miaka mingi kwamba damu mbaya imetoka kwao.

Na si uzee kama wa babu yako. Akili yake haiguswi kabisa. Hapati usahaulifu wala saratani za wazee. Kinachochakaa ni mishipa ya damu: inakuwa migumu na myembamba, na watoto hawa hufariki kwa moyo au kwa kiharusi, magonjwa ya watu wa miaka 70. Ndiyo maana anameza aspirini kidogo kila siku, ndiyo maana namfukuzia maji ya kunywa asubuhi na jioni, na nimekubaliana na kijana wa pikipiki ampandishe mlima wa shule, maana nyonga zake zinaweza kuchomoka.

Turudi kwenye namba yako. Nikipima viuno vya wateja 10, nikachukua wastani, nikawashonea wote suruali ya kiuno hicho, wengi watarudi kwenye mlango wangu wakilalamika. Miaka 14 na nusu imetoka kwa wengi walioondoka wadogo sana na wengine waliokwenda mbali. Sammy Basso wa Italia alizaliwa 1995, akasoma chuo kikuu cha Padova, akafanya utafiti juu ya ugonjwa wake mwenyewe. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 28. Ontlametse Phalatse, binti wa Afrika Kusini, mweusi kama sisi, alifika 18. Nchini humohumo Leon Botha, mchoraji, alifika 26. Picha ya Ontlametse niliionyesha Ombeni kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Baba, kumbe tuko wengi." Sikupata jibu.

Na hiyo namba ni ya wasiotumia dawa. Dawa ipo, lonafarnibu, ilikuwa imetafutwa kwa ajili ya saratani. Inazuia ule uzi wa bandi usiwekwe tangu mwanzo. Marekani waliikubali Novemba 2020, Ulaya mwaka 2022. Hapo mwanzo walihesabu kwamba inaongeza kwa wastani miaka 2 na nusu. Ni kidonge cha asubuhi na jioni pamoja na chakula, na haiponyi. Utasema miaka miwili na nusu ni nini. Byamungu, mwanao Espoir alijifunza kusoma, akapokea komunyo ya kwanza, akang'oa meno ya mbele yakaota mengine, yote ndani ya miaka miwili na nusu. Dawa yenyewe haiuzwi katika famasi za Bukavu. Daktari wetu ameandika maombi kwa shirika la Marekani ambalo wazazi wa mtoto mmoja mgonjwa walilianzisha mwaka 1999. Tunangoja. Kila boti au gari linaloleta mizigo, mke wangu huniuliza kama kuna bahasha.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Wanasema ugonjwa huu huwapata kama mtu 1 kati ya milioni 20. Congo yetu ina watu zaidi ya milioni 100, basi kwa hesabu hiyo tungekuwa na watoto kama 5 hivi. Ombeni ni mmoja. Wale wengine wako wapi? Nani amewapima? Naogopa yuko mmoja Masisi au Kabinda ambaye wanamwita mchawi, kichwa chake kimefunikwa kitambaa, hatoki nje hata kuota jua, na baba yake anapima kila mwaka kama nilivyopima mimi, haelewi. Ukisikia habari ya mtoto wa namna hiyo huko Katanga, katika kanisa, katika soko, popote, usinyamaze. Nipe namba ya simu ya wazazi. Nitawapigia mimi mwenyewe.

Kuhusu sekondari. Ombeni ni wa pili katika darasa la sita. Anafanya hesabu za vitambaa vyangu kichwani kabla sijafikia kalamu, na mwaka huu wote ndiye anayeniandikia daftari la madeni. Wiki iliyopita mwalimu aliuliza wanafunzi kila mmoja atakuwa nani, na alipofika kwake akamruka, nafikiri kwa huruma. Alirudi nyumbani hajala. Alinieleza usiku, ameniegemea, kwamba alikuwa na jibu tayari: anataka kujifunza kujenga madaraja. Mimi siwezi kuwa mtu wa pili wa kumruka. Kaputula ya buluu na shati jeupe vya darasa la saba nimekwisha kuvikata, viko juu ya mashine. Wadogo zake watasoma pia. Kama nitahitaji kuuza mashine ya pili nitaiuza, na kama unaweza kunikopesha kidogo mwezi wa tisa nitakushukuru, lakini usinitumie pesa zenye sharti.

Ukija, usimbebe kama mtoto mchanga, hapendi. Mpe mkono. Anajua ugonjwa wake, anajua jina lake, na swali lile uliloniuliza amekwisha kuniuliza mwenyewe, akiwa na miaka 9. Nilimjibu namba ileile niliyokuandikia hapa.

Anakuagiza jambo. Amesikia kwamba huko Lubumbashi kuna bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba linaloonekana mji mzima. Anataka umtumie picha yako ukiwa umesimama chini yake, nguo yako ionekane vizuri, ili apate kukupima wewe na kuhesabu bomba lina mita ngapi.

Ndimi rafiki yako,
Baba Nabintu