Barua kwa mwanangu anayekwenda machimbo ya Geita

Mwanangu Masanja,

Nimesikia unaondoka Jumatatu. Kazi unaijua, baba, karasha, ile mashine ya kusaga mawe, likikwama wanakuita wewe. Kusikia ndiko hujui. Zebaki iliyonasa dhahabu usiichome wazi.

Utaambiwa mbona wanaochoma wazi ni wazima. Kule Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani kuanzia 1932. Ugonjwa ukatambuliwa 1956, na bado kikamwaga hadi 1968. Zebaki haiozi. Vijidudu vya matopeni huigeuza sumu kali zaidi, inaingia kwa wadudu wa majini, kisha samaki wadogo, kisha wakubwa, na kila hatua inazidi. Kina mama walioonekana wazima walizaa watoto wasioweza kusimama wala kusema. Kuyaondoa na kuyafukia yale matope kulianza 1977, kukaisha 1990. Na mkeo ana mimba, Masanja, na kitoweo chenu ni samaki.

Ritoti, kile chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba cha kuchomea zebaki, inunue kabla ya godoro. Kifuniko kibane kabisa, bomba lielekee chini na lipozwe kwa maji, zebaki idondokee kwenye bakuli. Ncha ya bomba isizame majini: chungu kikianza kupoa kinavuta maji ndani, na chuma cha moto kikipata maji kinaweza kulipuka. Kipoe ndipo ufungue. Mvuke wake hauna harufu, na kitambaa puani hakiuzuii. Nyumbani usichome hata kwa ritoti, maana mvuke ukivuja unaganda ukutani na darini, unatoka polepole miezi mingi, na atakayeuvuta ni mtoto.

Mchanga uoshe kwanza kwenye mwalo, ule ubao wa mteremko wa kuoshea, zebaki iguse ule mzito uliobaki tu. Wanaoimwaga kwenye mawe yote yaliyosagwa, nyingi inawapotea. Marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, yakiwa yamekwisha kuguswa na zebaki usiwauzie wenye sayanaidi, ile sumu ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, hata wakipandisha bei. Sayanaidi huiyeyusha zebaki nayo, ikatiririka na maji hadi mtoni. Hela ya namna hiyo usiniletee.

Baba yako hasemi, lakini kwa majirani anakutaja kila siku. Ada ya mdogo wako imebaki nusu. Ufunguo wa ghala mwachie shangazi, mahindi hayajatiwa dawa. Na kile kikaango changu nilichokiona kwenye mzigo wako kirudishe leo leo. Kikishachomewa zebaki hakipikiwi tena.

Mama yako