Raki Imebadilishwa, Usukani Bado Unacheza: Malalamiko kwa Kampuni ya Matengenezo ya Magari

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Matengenezo,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHWA RAKI YA USUKANI BILA UKAGUZI, TOYOTA COROLLA E120

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari hili lililetwa kwenu na matatizo mawili, na yote mawili yaliandikwa kwenye kadi ya mapokezi: usukani unacheza kabla magurudumu hayajaitika, na upande wa mbele chini kunagonga, hasa kwenye mashimo na kwenye rasta. Ankara yenu ina jibu moja tu: raki (chuma chenye meno kinachopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu) mbovu, ibadilishwe. Mlitoza shilingi 780,000, yaani raki iliyotumika 520,000, ufundi 180,000 na oili pamoja na usafi 80,000. Gari limetoka kwenu na matatizo yale yale, na juu yake mengine matatu: usukani umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, honi hailii, na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva) haizimiki.

Tunaandika watu wawili, mmiliki wa gari na fundi aliyelikagua baada ya kutoka kwenu. Hatudai kwamba raki haifi. Raki hufa, na dalili zake tutazitaja huko chini. Tunachodai ni kwamba raki iliagizwa kabla mtu yeyote hajaishika tairodi (kiungo kati ya raki na gurudumu) kwa mkono wake, na ushahidi bado umefungwa kwenye gari.

Tuanze na tairodi ya kulia. Raki mliyofunga ilikuja na rakiendi zake (fimbo za ndani zinazotoka kwenye raki), lakini tairodi za nje hazikuja nayo, kwa hiyo mafundi wenu walifungua za zamani wakazihamishia kwenye raki hiyo. Kotapini ya kulia, pini inayozuia nati isifunguke, ina kutu na imekunjwa zaidi ya mara moja. Ilinyooshwa, ikachomolewa, ikarudishwa. Buti yake (mpira unaofunika jointi) imechanika upande unaoelekea tairi, grisi imeoshwa na maji, ndani kumebaki tope la vumbi jekundu. Ukishika jointi hiyo huku mwenzako anatikisa usukani, unaisikia ikiruka ndani ya kiganja. Ndiyo iliyokuwa ikileta mchezo tangu mwanzo. Mmetoa kifaa kizima, mkakiacha kibovu, tena mkakifungua na kukifunga kwa mikono yenu bila kukitazama.

Mchezo wa usukani haupimwi kwa kukisia. Magurudumu yanaelekezwa mbele, injini inawaka, unabandika kipande cha tepu kwenye ukingo wa usukani na kuweka rula pembeni yake. Unausogeza usukani kwa kidole, kwa nguvu ndogo, mpaka uone tairi linaanza kuitika, kisha unaurudisha upande wa pili hivyo hivyo. Umbali ambao tepu imetembea kati ya pande hizo mbili ndio mchezo. Kwa gari hili mwisho ni milimita 30. Lilipotoka kwenu tulipata milimita 45. Baada ya kubadilisha tairodi ya kulia peke yake, bila kuigusa raki, tulipata chini ya milimita 15. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, na hakimo kwenye kadi yenu, si cha kabla wala cha baada ya kazi.

Kutafuta mchezo unatokea wapi kunahitaji watu wawili na gari lililosimama kwa magurudumu yake. Msilinyanyue kwanza. Gari likiwa juu ya jeki, tairi halina kinacholizuia, kwa hiyo usukani ukitikiswa mfumo mzima unafuata kwa ulaini na jointi iliyolegea haijionyeshi. Tairi likiwa chini, uzito wa gari unalishikilia, na mchezo wote unajitokeza mahali ulipo. Mmoja anakaa kwenye usukani na kuutikisa kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kusimama. Mwingine anafuata njia ya nguvu kwa mkono: krosi (jointi inayojipinda) ya juu ya shafti ya usukani karibu na pedeli, krosi ya chini, shafti inapoingia kwenye raki, bushi (mipira) zinazoifunga raki kwenye krosimemba (boriti ya chuma chini ya injini), rakiendi kwa kubana buti, halafu tairodi ya nje. Pale ambapo upande wa kwanza umeshatembea na upande wa pili bado umetulia, hapo ndipo penye ugonjwa. Kazi hii haimalizi hata robo saa.

Baada ya hapo ndipo jeki inapoingia, pamoja na stendi na kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Tairi likishikwa kushoto na kulia likacheza, shaka ni tairodi, rakiendi au beringi. Likishikwa juu na chini likacheza, shaka ni boljointi (jointi yenye kichwa cha duara) au beringi. Beringi hutenganishwa na wenzake kwa njia rahisi: mtu akanyage breki wakati tairi linatikiswa. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu. Ukibaki, tafuta kwenye jointi. Boljointi ya chini hupimwa kwa mtaimbo kati ya loa ami (mkono wa chini unaoshika gurudumu) na naka (chuma kinachobeba gurudumu). Ikipanda na kushuka, hata kidogo, inabadilishwa, na kwenye Corolla hii imefungwa kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kumuuzia mteja loa ami nzima. Tunalisema hilo kwa sababu makadirio yenu ya awali yalikuwa na loa ami mbili, ambazo mmiliki alizikataa.

Sasa mlio wa kugonga. Hapa ndipo tuna masikitiko zaidi, kwa sababu mlio huwa unajieleza wenyewe ukisikilizwa barabarani, na kadi yenu haionyeshi kama gari liliendeshwa hata mara moja kabla ya raki kuagizwa. Stabilaiza (fimbo inayounganisha pande mbili za mbele ili gari lisilale) hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Mkipita tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, stabilaiza inazunguka bila kujikunja, na linki zake (vijiti vinavyoishika kila upande) hazibebi kitu. Kwa hiyo gari linalogonga kwenye mashimo ya upande mmoja, kama yaliyojaa kwenye mitaa ya ndani, halafu likanyamaza kwenye tuta lililopitwa sawasawa, linashitaki linki. Likigonga kwenye tuta hilo hilo kwa magurudumu yote mawili, mtu atazame shokapu, maunti (kishikio) yake ya juu na bushi za loa ami. Likigonga mara moja dereva anapofunga breki, kisha tena anapoondoka kwa rivasi, hiyo ni bushi ya nyuma ya loa ami, au maunti ya injini. Usukani ukizungushwa gari limesimama na kukatokea mshindo kama springi inayojifyatua, ni beringi ya juu ya shokapu iliyoganda. Mlio wa tik-tik-tik kwenye kona kali huku gari linatembea ni jointi ya ekseli, na hauhusiani na usukani hata kidogo, ingawa wengi wamebadilishiwa vifaa vya usukani kwa ajili yake.

Gari hili lilikuwa linagonga kwenye mashimo ya upande mmoja na kwenye breki. Kwa mtu anayesikiliza, hayo ni majibu mawili. Linki ya kushoto ilikuwa imeisha. Ukiishika kwa mkono inapiga bila hata mtaimbo. Bushi ya nyuma ya loa ami ya kushoto ilikuwa imepasuka karibu nusu ya mzunguko wake. Linki hutafutwa gari likiwa chini, au likiwa limenyanyuliwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa kimo kimoja. Likinyanyuliwa upande mmoja, stabilaiza inajikunja, inaivuta linki na kuifanya ionekane ngumu. Tunashuku hapo ndipo fundi wenu alipopotea, kama kweli aliitazama.

Raki inayostahili kubadilishwa inajulikana. Ukibana buti zake unakuta oili ndani. Au shafti ya raki inacheza upande kwa upande wakati rakiendi na tairodi ni nzima. Au usukani unalegea katikati na kukaza pembeni kwa sababu meno ya katikati yamelika. Au bushi zake zimekufa na raki nzima inatembea kwenye krosimemba. Tunaomba mtuonyeshe ni ipi kati ya dalili hizo mliiona. Raki ya zamani haikurudishwa kwa mmiliki, na alipoiomba aliambiwa imeshachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Kifaa kilichotolewa kwenye gari ni mali ya mwenye gari mpaka aseme vinginevyo.

Hasara haikuishia kwenye fedha. Kutoa raki kwenye Corolla hii kunalazimu kushusha krosimemba na kutenganisha shafti ya usukani. Kabla ya kuitenganisha, fundi huchora alama kwenye shafti na kwenye krosi yake ili virudi kwenye meno yale yale, na usukani hufungwa kwa mkanda wa kiti usizunguke. Hakuna alama yoyote iliyochorwa kwenye shafti ya gari hili. Kutu yake haijaguswa. Usukani uliachwa huru, ukazunguka kupita kiasi, na ule utepe wa nyaya ulioviringishwa nyuma ya usukani, ambao mafundi huuita klokispringi, ukakatika. Utepe huo ndio unaopitisha umeme wa honi na wa eabegi ya dereva. Ndiyo maana vyote viwili vilikufa siku moja. Aliyekuwa kaunta alimwambia mmiliki kwamba taa ya eabegi “ilikuwa inawaka tangu zamani”. Kadi yenu ya mapokezi, yenye saini ya mtu wenu, haina taa hiyo kwenye orodha ya kasoro.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, haikufanyika pia. Rakiendi zikibadilishwa, urefu wa kila upande unabadilika, na magurudumu hayaelekei tena sawa. Kuhesabu nyuzi za skrubu zilizobaki nje na kuzifananisha na za zamani kunaliwezesha gari kufika kwenye mashine ya alaimenti, basi. Hakuchukui nafasi ya mashine. Matairi ya mbele yameanza kulika kwa ndani, na ukipitisha kiganja juu yake unasikia ncha zimesimama upande mmoja.

Kuna jambo la usalama ambalo hatutaki lisomwe kama chumvi ya malalamiko. Tairodi iliyolegea kiasi kile ikichomoka, gurudumu moja linageuka linakotaka na usukani hauna tena amri juu yake. Gari hili hupanda Lushoto kutokea Mombo na Amani kutokea Muheza. Kwenye kona zile hakuna nafasi ya kurekebisha. Mlilikabidhi na ankara inayosema mfumo wa usukani umetengenezwa.

Tunadai yafuatayo. Mrudishe shilingi 180,000 za ufundi, kwa kuwa kazi iliyofanyika haikuwa kazi iliyohitajika. Mrudishe pia fedha za raki, au mtupe raki ya zamani pamoja na maelezo ya maandishi ya ubovu wake, na tutaikagua mbele yenu. Mbadilishe klokispringi kwa gharama yenu, betri ikiwa imetolewa terminali hasi na kuachwa angalau sekunde 90 kabla ya kugusa eabegi. Mlipie alaimenti, nayo ifanyike baada ya usukani kunyooshwa kwenye shafti. Kunyoosha usukani kwa kupindisha tairodi hatutakubali.

Bolti za krosimemba zikaguliwe kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), fundi wetu akiwepo. Tunalitaka hili kwa sababu nati za magurudumu, ambazo kipimo chake cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 103, zilikuwa zimekazwa kwa mashine ya upepo mpaka ya kulia mbele ikahitaji bomba refu kufunguka. Aliyekaza nati ya tairi hivyo hatuwezi kumwamini bolti tusizoziona. Linki, tairodi na bushi tumeshafunga wenyewe: linki kwa Nm 74, tairodi kwa Nm 49 na kotapini mpya, tundu la kotapini lililokosa kulingana likatafutwa kwa kukaza mbele, si kwa kulegeza. Bolti za bushi zilikazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, maana bushi iliyokazwa gari likiwa juu hubaki imejipinda na hupasuka mapema. Risiti za vifaa hivyo zimeambatanishwa. Hatuwadai fedha yake, kwa kuwa vilikuwa vibovu kabla ya gari kufika kwenu.

Mjibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Msipojibu, tutaipeleka pamoja na kadi, ankara na picha kwenye Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Gari linaweza kuletwa siku yoyote ya kazi asubuhi, kwa sharti kwamba fundi atakayelipokea aliendeshe kwanza na mmiliki akiwa pembeni yake.

Wenu,

Mmiliki wa gari
Fundi mkaguzi

Viambatanisho: nakala ya kadi ya mapokezi, ankara, risiti za vifaa, picha za tairodi ya kulia, kotapini, bushi na shafti ya usukani.