Lenzi ya babu kwenye kamera mpya: anza na milimita

Mara kwa mara huingia mtu kwenye karakana yetu hapa Mombasa na lenzi nzito ya chuma aliyoifunga kwenye leso. Aghalabu ni Helios 44-2 au Super-Takumar, imetoka kabati la babu aliyekuwa akipiga picha za harusi Mji wa Kale. Adapta, ile pete ya kuiunganisha lenzi na kamera, anayo, kaiagiza mtandaoni. Shida yake: "Nyuso za watu zatoka safi, lakini meli zikipita pale Mama Ngina, zote ukungu."

Lenzi haina kosa. Adapta ndiyo nene kupita kiasi.

Lenzi hizi za M42 zina hesi ya kipenyo cha milimita 42, na zimeundwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kazi ya adapta ni kuurudisha umbali huo mbele ya sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea picha badala ya filamu. Mdomo wa kamera ya Sony E, pale lenzi inapofungwa, uko milimita 18 kutoka kwenye sensa, kwa hiyo adapta yake inatakiwa iwe na unene wa 27.46. Ikizidi hata kidogo, vitu vya mbali havitulii kamwe, uzungushe lenzi hadi mwisho wake. Ikipungua kidogo si neno: meli utaipata, ila namba za umbali kwenye lenzi hazitasema kweli. Ndiyo maana sisi hupima kila adapta kwa kalipa kabla ya kuiuza.

Canon EF ina milimita 44, hivyo pete nyembamba yatosha. Wenye Nikon za zamani zenye kioo ndani tunawaambia ukweli, hata kama tunakosa mauzo: mdomo wake uko milimita 46.5, umbali umeshapita kabla adapta haijawekwa. Zipo adapta zenye kipande cha kioo cha kurekebisha hilo, lakini vingi vya bei nafuu huharibu ule uzuri ulioufuata kwenye lenzi. Nikon Z haina tatizo hili.

Kisha kuna kipini. Lenzi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina kipini kidogo nyuma, na kisipobonyezwa tundu la mwanga hubaki wazi hata ukiweka namba 8 au 11 ili lipungue. Kama lenzi yako ina swichi ya A na M, iweke M. Kama haina, chukua adapta yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza. Helios 44-2 haina kipini, adapta yoyote yenye unene sahihi inaifaa.

Tafadhali usilazimishe hesi. Lenzi na vifaa vya T2, aina nyingine ya hesi, navyo ni milimita 42, lakini meno yake yamebanana zaidi: milimita 0.75 kati ya jino na jino badala ya 1. Vitaingia nusu mzunguko vikwame, na ukikaza unakula hesi ya lenzi iliyodumu miaka hamsini. Tumeletewa moja hivyo, na haikupona.

Angalia pia ndani ya adapta. Iking'aa, jua letu la saa sita hurudi kwenye sensa na picha hupauka. Sisi huipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kamera haiitambui lenzi hii, kwa hiyo kwenye menyu yake ruhusu kupiga bila lenzi, la sivyo haitafyatua.

Njoo na lenzi pamoja na kamera, si picha zake kwenye simu. Tutazifunga, tutoke nje, tulenge mnara wa mbali mbele yako kabla hujalipa.