Maneno ya Kukaa ya Wajerumani

Leipzig

Mwanangu Zuhura,

Nifikishie shikamoo kwa babu na bibi. Umeniuliza kwa nini Wajerumani wakianza kutaniana kamusi yako haikusaidii. Tuanze na kitenzi "sitzen", yaani kukaa, maana utani wao mwingi umekalia hapo.

Kinachowaponza wageni zaidi ni "einen sitzen haben". Neno kwa neno ni kuwa na moja iliyokaa, na maana yake mtu kalewa. Moja ya nini, hawasemi, kama baa za kwetu wanavyoagiza moja moto, moja baridi, na kila mtu anaelewa. Sasa angalia unapoweza kuteleza. Ndani ya treni, kusema una kiti ni "Ich habe einen Sitzplatz". Mwanafunzi akisahau "Platz" akachomeka kitenzi, anatoka na "Ich habe einen sitzen". Hapo ameshalitangazia behewa zima kwamba zimempanda kichwani.

"Sitzfleisch" ni nyama ya kukalia. Mwanafunzi anayekaa na kitabu saa nne bila kuinuka ana Sitzfleisch, na hiyo ni sifa. Mgeni asiyeaga mpaka saa sita usiku naye anayo, ila hapo wenyeji wananung'unika. Ninalolipenda kuliko yote ni "Sitzriese", jitu la kitini: mtu mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi. Mkiwa mezani anawapita wote. Akisimama, unajikuta unamtazama kwa chini.

Shuleni (na neno lenyewe shule tumelitoa kwao, "Schule") kuna "sitzenbleiben". Dereva akikuambia "Bleiben Sie sitzen", anakuomba usiinuke, basi. Lakini mtoto "ist sitzengeblieben" maana yake karudia darasa. Na ukiwasikia watu wazima wakitaniana "Setzen, sechs!", ni sauti ya mwalimu: kaa chini, umepata 6. Alama zao zinakwenda kinyume na unavyodhani, 1 ndiyo bora na 6 ni mkia.

Jambo lisilokugusa sana, sema "Das haut mich nicht vom Hocker", halijaniangusha kwenye kigoda. Hilo litumie bila woga. "Sesselfurzer" lielewe tu, usilitamke. Ni mtu wa ofisini asiyefanya lolote zaidi ya kujamba kwenye kiti chake, na Ujerumani kumtukana mtu ni kosa la jinai, kifungu cha 185 cha sheria yao ya adhabu.

Kaka yako naye nimwekee lake la mpira. Sisi mchezaji asiyepangwa anasugua benchi. Wao "er drückt die Ersatzbank", analikandamiza. Mwambie ajifunze kulitamka, mwisho wa "drückt" k na t zisikike zote mbili.

Shangazi yako