Wachuuzi tunaomba risiti ya visu getini

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu akitaka kila atakayekutwa na kisu mwaloni, stendi au ndani ya boti akamatwe papo hapo bila kuulizwa. Namwelewa. Visu vimeumiza watu kwenye vilabu vya pombe na kwenye ugomvi wa boda boda, na mama aliyemzika mwanawe hataki kusikia habari ya kisu hiki ni kizuri na kile ni kibaya. Lakini agizo hilo likipita leo, kesho alfajiri mgambo wataanza na mimi, na baada yangu watabeba nusu ya wanawake wa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza. Mimi nauza dagaa. Kwenye mkoba wangu, chini ya daftari la madeni, kuna kisu cha kukunja, na nitaendelea kutembea nacho.

Nieleze kazi yake, maana nina wasiwasi ndugu yangu huyo hajawahi kununua dagaa wa jumla.

Gunia likishuka kutoka visiwa vya Ukerewe au Goziba linakuja limeshonwa mdomo kwa uzi wa manila. Juu utakuta dagaa weupe wanaong'aa, kwa kuwa hao ndio wa kuonyesha watu. Mambo yako katikati. Huko ndiko wanakofichwa walionyeshewa mvua wakaanikwa upya, walioanikwa mchangani badala ya kwenye chanja, na wale wa chakula cha kuku waliochanganywa na wa kuliwa na watu. Basi nalilaza gunia ubavu, nakunjua kisu, nakata mishono miwili mitatu ya pembeni na kuzamisha mkono hadi kiwiko. Dagaa aliyekauka sawasawa ukimkunja anakatika na mlio wake unausikia. Mwenye unyevu anapinda tu. Nawasugua kwenye viganja nione mchanga unaobaki. Nanusa. Kisha narudishia mshono kwa sindano ya gunia, na muda wote huo mwenye mali yuko pembeni anajifanya anahesabu hela.

Kazi hii inataka bapa fupi lenye makali. Kisu cha jikoni kina ncha ndefu, kinapita uzi na kuchana gunia lenyewe, na gunia lenye tundu likipanda lori la Tunduma linamwaga njia nzima. Wateja wetu wa Kongo wakiona kiraka wanashusha bei kabla hata ya kusalimia. Tena kisu cha jikoni ukibebe wapi? Ukikifunga kwenye gazeti kinatoboa gazeti, kisha kinatoboa mkoba, kisha kinakutoboa wewe ukiwa umebanwa kwenye daladala ya kwenda Igoma. Cha kukunja kinajifunika chenyewe.

Ukishakuwa nacho, kazi hazikosekani: kamba ya turubai, muwa, chungwa, fundo la mkokoteni ambalo kuli kalikaza kwa hasira. Mpwa wangu ni fundi wa injini za boti, na kwake kisu hiki ni sehemu ya spana. Nyuzi za nyavu kuukuu zinazoelea ziwani hujizungusha kwenye pangaboi. Zisipokatwa mapema zinaingia nyuma yake na kuila oili sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji yanapenya kwenye giaboksi na oili inageuka rangi kama chai ya maziwa. Hapo tajiri wa boti anaanza kuongea habari ya giaboksi nyingine, na kila mtu anajua bei zake. Kuzikata nyuzi hizo katikati ya mawimbi unalala kifudifudi nyuma ya boti, mkono mmoja umeshika ukingo. Mwambie kijana huyo kisu akiache nyumbani, uone atakavyokutazama.

Sasa, visu vyenyewe havilingani, na hapa nakubaliana na ndugu yangu zaidi ya anavyodhani. Changu hakina kufuli. Bapa linashikiliwa na springi peke yake, kwa hiyo ukichomea kitu kigumu kwa nguvu linajikunja na kukuangukia kwenye vidole vyako mwenyewe. Mwenye nia mbaya hachagui kisu cha namna hiyo. Vipo vile vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe, ambavyo vijana wanavifyatua kwenye vijiwe ili waonekane. Hivyo sivitetei, na mwanangu akija nacho nyumbani nitakitupa ziwani mimi mwenyewe.

Visu vyekundu vyenye msalaba mweupe vinavyotembezwa na machinga wetu vingi vimetengenezwa China, ila sote tunaviita vya Uswisi. Chimbuko lake ni kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1890, na fundi Karl Elsener wa kijiji cha Ibach alianza kulipelekea jeshi visu hivyo mwaka 1891. Angalia kilikuwa na nini: bapa, kifungulia makopo, bisibisi na msumari wa kutobolea. Jeshi lilikitaka ili askari afungue kopo la chakula na kulegeza skrubu za bunduki yake. Bunduki ya kupigania alikuwa nayo tayari.

Waingereza nao wanaogopa visu kuliko sisi, na magazeti yao hayaishi habari hizo. Hata hivyo sheria yao ya mwaka 1988 inamwacha mtu atembee na kisu cha kukunja kisichojifunga kwa kufuli, mradi makali yake hayazidi inchi 3, bila kudaiwa sababu. Kikizidi hapo, au kikiwa na kufuli, lazima awe na sababu ya maana, na akimtishia mtu kwa hicho hicho kidogo anakwenda na maji. Kwenye ndege, kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza kuingia na bapa linalozidi sentimita 6. Wenzetu wamechora mstari, na mlinzi ana rula. Kwenye mageti ninayopita mimi sijaona kipimo kilichoandikwa popote. Leo unapita, kesho hupiti, inategemea mlinzi ameamkaje.

Ndiyo maana naandika. Kuna geti moja la kupandia boti, silitaji, ambako kijana mlinzi alifungua mkoba wangu akakiona.

"Mayu (mama), hiki hakipandi."

"Sawa mwanangu, nikiandikie jina nikichukue nikirudi?"

"Weka hapo tu."

Hapo palikuwa na boksi la maji ya chupa, ndani yake visu, mikasi, spana na bisibisi za watu. Niliomba hata kipande cha karatasi. Akacheka, akaniambia foleni ni ndefu. Nyuma yangu alikuwepo baba mmoja na kifurushi cha mapanga mapya ya shamba yaliyofungwa kwenye kiroba, vishikio vinaonekana. Yalipita, kwa sababu yaliitwa mzigo na yalikuwa yamelipiwa ushuru. Niliporudi kutoka visiwani zamu ilikuwa ya mlinzi mwingine, boksi halipo, na hakuna aliyewahi kusikia habari za boksi. Nje ya geti, kwenye turubai la muuza vitu vilivyotumika, visu vya kukunja havikosekani. Sisemi zaidi ya hapo.

Na kukatazwa hakutuachi mikono mitupu. Wenzangu waliochoka kupoteza visu wamehamia kwenye nyembe. Wembe unaingia kwenye pochi ya simu, kwenye pindo la khanga, wengine wanaubana kwenye nywele chini ya kilemba, na hakuna mlinzi anayeuona. Hauna mpini. Ukikata uzi wa manila unavunjika, na kipande kinabaki ndani ya gunia la chakula. Jirani yangu wa kibanda alishonwa kidole cha shahada baada ya kuingiza mkono kwenye mkoba wake mwenyewe kutafuta chenji. Mkoba huo ulikuwa umekaguliwa getini asubuhi ile ile na ukapita.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia mageti ya boti, mialo na stendi ni dogo. Kwanza kiandikwe ukutani kisu cha namna gani kinaruhusiwa na cha namna gani hakiruhusiwi, kwa sentimita, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Mimi ningependekeza cha kukunja kisicho na kufuli, bapa lisizidi sentimita 7, na vya kufyatuka vikatazwe kabisa. Kama mnaona ndani ya boti kisiingie hata hicho, haina neno, watu ni wengi na safari ya Bukoba ni ya usiku mzima. Basi kipokelewe kwa namba: kibati kimoja kwenye kisu, kingine mkononi mwangu, kama wanavyofanya wanaotunza mizigo stendi. Tozeni hata shilingi 500. Nitalipa, kwa sababu kisu kipya kinanigharimu zaidi ya hapo, na springi nzuri haipatikani kila siku.

Na sisi wenye visu tuna la kufanya. Kikae mkobani kimekunjwa, sio kiunoni kinaning'inia. Kisikunjuliwe ndani ya daladala hata kwa ajili ya embe. Abiria aliyekaa na wewe hajui wewe ni nani. Kijana akikuomba umwazime na mdomo wake unanuka gongo, mwambie umekisahau nyumbani. Na walinzi mnaobadilishana zamu, anayeondoka amkabidhi anayeingia daftari la visu lenye namba na sahihi, ili jioni boti ikifunga kila mtu aoneshe kibati chake, apewe chake, aende zake.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza