Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: tuonyeshwe orodha ya kanda za RTD

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Najua mezani kwako yamejaa mambo ya minara, leseni na usikivu wa mipakani. Mimi nakuja na la kanda za sauti za redio yetu ya taifa.

Utangazaji wetu ni mkubwa kwa umri kuliko uhuru wenyewe. Ulianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, chini ya wakoloni. Mwaka 1956 likaundwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 serikali ikalivunja, redio ikawa idara ya wizara: Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Baadaye zikaja Televisheni ya Taifa (TvT), Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) la leo. Kila jina jipya lilirithi kanda za lililotangulia.

Ukitaja kanda hizo, watu hukimbilia muziki, na hawajakosea. Bendi za NUTA Jazz na Mlimani Park zilirekodi RTD, na nyimbo nyingi za enzi hizo hazikuwahi kutolewa kwenye santuri. Lakini mimi nalilia zaidi maneno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanavijiji kwa vikundi kuizunguka redio, kiongozi wao kitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadiliana, wakikubaliana wanashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Idhaa ya Nje ya RTD, iliyotangaza kwa wasikilizaji wa nje ya nchi, nayo ilibeba sauti za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Sasa leo mwanafunzi wa historia akitaka kuzisikia, abishe hodi wapi?

Kanda haingoji mchakato, Mheshimiwa. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulegea kwa joto na unyevu. Ukiizungusha, unga wa kahawia unabaki kwenye hedi ya mashine, yaani sehemu inayosoma kanda, na huenda hiyo ikawa mara yake ya mwisho kusikika. Ndiyo maana anayeicheza lazima awe anainakili hapo hapo.

Naomba orodha: kanda zipo ngapi, za vipindi gani, zipi zimeshaingizwa kwenye kompyuta, zipi zimeharibika. Pia uwekwe utaratibu wa mwananchi kuzisikiliza, na wa watunzi au warithi wao kulipwa nyimbo zao zikitumika kibiashara. Hilo la malipo lisije likageuzwa kisingizio cha kufunga mlango.

Orodha itoke kabla hujasoma bajeti ijayo Dodoma, ili wabunge wajue wanaombwa fedha za kuokoa nini.

Wako,
Msikilizaji wa Idhaa ya Taifa