Shangazi, mbona wewe umeandika zamani?

Shikamoo shangazi,

Tangu unipigie simu siku ile sijakujibu. Nimeona heri niandike, maana kwa mdomo huniachi nifike mwisho. Ulisema hadithi yangu imeanika mambo ya ndani, na mwanamke mwenye heshima zake hafanyi hivyo. (Aliyekusomea namjua, nitamnunia kivyake.)

Mwana Kupona je, hakuwa na heshima? Mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mgonjwa kitandani, akatunga utenzi wake mwaka 1858. Wewe ndiye uliyenisomea beti zake usiku wa kuamkia harusi yangu: mume akilala, mpepee. Sawa, nilisikia. Lakini ulipitia haraka pale mwanzoni anapomwita bintiye aje akae karibu na wino na karatasi. Mama anasema, kalamu anayo binti. Hapo ndipo nilipobaki mimi, mengine niliyasikia kwa mbali.

Siti binti Saad alifika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Aliimba hata kesi ya Kijiti, muuaji aliyetoroka huku waliotoa ushahidi wakitiwa ndani. Ila maisha yake tunayasoma kwa mkono wa Shaaban Robert. Kalamu tamu, sina ugomvi nayo. Natamani tu kujua Siti mwenyewe angeanzia wapi.

Halafu kuna Penina Muhando na tamthilia yake ya Nguzo Mama, ya mwaka 1982. Wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo, kila mmoja na lake, nguzo haisimami. Nilicheka peke yangu, nikakukumbuka wewe na yule jirani. Mlipogombana hukumtukana. Ulikwenda dukani, ukapekua doti za kanga moja baada ya nyingine, muuza duka akachoka, mpaka ukaipata "Hasidi hana sababu". Jioni ukajifunga, ukavuta pindo jina likae wazi nyuma, ukapita mbele ya baraza yake mara mbili, kwenda kununua chumvi. Chumvi ilikuwa tele nyumbani, shangazi. Mtaa mzima ulisoma.

Sasa mimi na wewe, nani kaanika?

Idi nakuja na daftari. Wewe utasema, mimi nitaandika. Huyo jirani tutambadilisha jina.